Moyo Ulioachwa Mtini

Katika hadithi za Waswahili alizozikusanya Edward Steere huko Unguja na kuzichapisha London mwaka 1870, imo ile ya kima na papa, ambayo wengi wetu tuliisikia kwa bibi zetu kabla hatujajua kwamba ina kitabu. Nasaba yake ni ndefu. Ilitoka Bara Hindi, katika Panchatantra, ikapita Uajemi, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akaitia katika Kiarabu, ndani ya Kalila na Dimna. Humo hadithi huzaa hadithi: mnyama akibanwa, husimulia.

Kima wetu akaa juu ya mkuyu wa ufukweni, akimrushia papa matunda. Papa akamwalika kwao, akambeba mgongoni, na walipofika kilindini akamwambia kweli: sultani wetu hawezi, na dawa yake ni moyo wa kima. Kwa Wahindi na Waarabu, autakaye moyo ni mke. Msimulizi wa Unguja aliitoa tamaa chumbani akaipeleka barazani kwa mtawala. Mimi niliyejifunza kutafsiri bila mwalimu naipenda tafsiri hiyo kuliko uaminifu wa neno kwa neno.

Kima akajibu kwamba wao wakisafiri huiacha mioyo yao mitini. Papa akageuza. Kima alipokwisha kukwea, akamtolea kisa cha punda wa dobi. Simba alikuwa mgonjwa. Sungura akamwendea punda kwa habari ya posa. Punda akaponyoka mara ya kwanza, akarudi mara ya pili, akafa. Simba akataka moyo na masikio, kumbe sungura amekwisha kuvila. Akasema: punda huyu hakuwa navyo, angekuwa navyo asingerudi.

Tazama, msomaji, jinsi uongo ulivyo mmoja. Kima asema moyo haupo, na sungura asema moyo haupo. Wa kwanza waokoa roho, wa pili waficha ulafi, nasi twaucheka wote kwa kicheko kimoja. Kima mwenyewe, aliyepanda mgongo wa papa kwa hiari yake, hamwonei punda huruma hata chembe. Amfanya mfano wa ujinga, basi.

Niliwahi kuisimulia hadithi hii Nyamisati, wilayani Kibiti, tukingoja boti ya Mafia. Wasikilizaji walinikatiza mapema: mnyama huyo ni mamba, si papa. Katika delta ya Rufiji, maji ya mto yaingiapo baharini kati ya mikoko, mamba ndiye ajulikanaye kwa madhara yake. Bila kukusudia wakairudisha hadithi Bara Hindi, maana huko pia ni mamba. (Mkuyu nao uliwatia shaka, mikoko ndiyo miti yao ya maji ya chumvi, lakini mkoko hauzai tunda la kumrushia rafiki.)

Nilipomaliza, mzee mmoja akaniuliza, “Mwanangu, na yule sultani alipona?”

Hadithi haisemi. Sultani hatokei popote. Ugonjwa wake tu ndio uliosafiri. Nikamjibu kwamba kisa kinaishia urafiki ulipovunjika.

“Basi kafara ni huyo mtumwaji,” akasema. “Amerudi kwa mkubwa wake mikono mitupu, na dawa bado yatakiwa.”

Kijana mmoja akacheka, akasema papa hana mikono, wala mamba hana ya kubebea.

“Sultani anayo,” akajibu mzee.