Kungwi wa kompyuta

Wiki hii nimeulizwa swali moja mara tatu, na watu watatu wasiofahamiana: "Umejifunzaje hayo mambo ya programu wakati hukusomea kompyuta?" Nikijibu kwamba nimejifunza mwenyewe wananitazama kwa lile jicho la "hebu sema ukweli." Haya, leo nasema ukweli. Nimejifunza mwenyewe, ila si peke yangu. Ni mambo mawili tofauti, na leo nataka tuongee kuhusu tofauti hiyo.

Nianze na sababu. Mwandishi wa habari wa hapa kwetu anaishi kwa tarakimu alizohesabiwa na watu wengine. Msemaji akisema wanafunzi wameongezeka, tunaandika wameongezeka. Ripoti yenyewe ipo, kurasa chungu nzima za PDF, jedwali juu ya jedwali, na mhariri anataka habari kabla ya saa kumi jioni. Nani ana muda wa kukaa na kujumlisha? Na ukijumlisha vibaya ni balaa. Mtakumbuka mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa, ikawa kosa kuchapisha takwimu zenye nia ya kupinga au kupotosha zile rasmi. Mwaka 2019 ikarekebishwa tena na kulegezwa. Kwenye kazi yetu, ndugu zangu, tarakimu si pambo. Nilitaka niweze kuhesabu mwenyewe, nirudie hesabu hiyo mara kumi, na kila mara jibu liwe lile lile.

Nikachagua Python, lugha iliyobuniwa na Mholanzi Guido van Rossum na kutolewa kwa umma mwaka 1991. Ni ya bure, inakubali hata kompyuta iliyochoka kama ya kwangu, na watu wengi wa takwimu wanaitumia. Masomo nayo yamejaa. Lile somo la CS50 la Chuo Kikuu cha Harvard unaweza kulisoma ukiwa Mbagala bila kulipa ada, mradi uwe na bando.

Kwa hiyo vitabu havikuwa tatizo. Kwa miezi saba nilikuwa nasoma usiku nikitoka kazini, na somo lolote nililifuata mpaka mwisho. Lakini ukinipa ukurasa mtupu na kuniambia andika programu yako, mstari wa kwanza hauji. Halafu unakwama saa saba usiku na hujui kama kilichokukwamisha ni kitu cha dakika mbili au ni mlima ambao waliokutangulia waliuzunguka tu wakaendelea na safari. Kitabu hakikwambii. Nawafahamu watu wenye akili kunishinda walioachia hapo hapo. Walikosa mtu wa kuwaambia, "Hapo kila mtu hupata taabu, endelea," au "Hapo usipoteze muda, achana napo."

Na wala si ugonjwa wa wenye kompyuta zilizochoka tu. Ada Lovelace, yule mama wa Kiingereza ambaye kwa maelezo yake ya mwaka 1843 kuhusu mashine ya Charles Babbage wengi humwita mwandishi wa programu wa kwanza duniani, naye alihangaika kutafuta mwalimu. Mwaka 1839 alimwandikia Babbage amsaidie kupata mtu wa kumfundisha hisabati. Mwaka uliofuata akaanza kufundishwa na mwanahisabati Augustus De Morgan, kwa sehemu kubwa kwa barua. Mtu mwenye fedha, vitabu na jina kubwa la ukoo, na bado alihitaji mtu wa kumwandikia "hapa sijaelewa."

Sasa mtu wa namna hiyo tumwiteje kwa Kiswahili? Wengine wanasema menta, wengine mshauri, wengine mlezi. Neno linalonijia mimi ni kungwi. Msicheke. Kungwi hamfundishi mwari kwa mtihani na maksi. Kungwi ni mtu aliyekwisha pita njia hiyo, anayejua mwari atajikwaa wapi, na anayeruhusiwa kumwambia maneno ambayo wengine wanaona haya kuyasema. Jadi yetu imejaa watu wa aina hii. Utingo hujifunza lori kwa kukaa miaka pembeni ya dereva. Mtoto wa gereji huanza kwa kushika tochi fundi anapofungua injini. Ni kwenye kompyuta tu ndipo tumeaminishwa kwamba kila mtu ajifungie chumbani na simu yake mpaka atoke mtaalamu.

Ila kumpata kungwi katika jiji hili kuna kizuizi kimoja kikubwa, nacho kinaitwa "tutafutane." Nimeshuhudia kijana akimfuata mtaalamu baada ya semina na kumwambia, "Kaka, naomba uwe menta wangu." Kaka anatabasamu, anasema karibu sana, tutafutane. Wanapeana namba. Hawatafutani. Na kusema kweli simlaumu yule kaka. Ameombwa kitu kisicho na mwanzo wala mwisho, na mtu ambaye hajui anaweza nini. Angekubali, angeanzia wapi?

Kungwi wangu nilimpata kupitia rafiki mhasibu. Ni dada aliyenizidi kama miaka kumi, anaandika programu za benki, na ameniomba nisimtaje jina, kwa hiyo hapa nitamwita Dada tu. Nilipewa namba yake kwa onyo: "Hana muda kabisa huyo." Nikakaa nikawaza, mtu asiye na muda anaweza kujibu nini akiwa kwenye foleni ya Ubungo? Nikamtumia ujumbe mmoja. Shikamoo, jina langu, aliyenipa namba, halafu swali: nina jedwali la shule, nikijumlisha 12 na 30 kompyuta inanipa 1230. Nikaweka mistari minne ya programu na vitu viwili nilivyokwisha jaribu.

Jibu lilikuja jioni: "Marahaba. Kompyuta inaona maandishi, haioni namba. Umeyabandika pamoja kama maneno. Yageuze kwanza yawe namba, na namba zenye alama ya mkato ondoa mkato kabla. Soma int." Basi. Hakuna karibu sana, hakuna tutafutane. Baada ya wiki mbili nikapeleka swali jingine, nikianza na lile la kwanza lilivyokwisha. Baada ya swali la tano akaniandikia: "Mdogo wangu, Jumamosi asubuhi mwanangu huwa madrasa Magomeni, namsubiri saa moja na nusu. Njoo na kompyuta."

Nimekwenda Jumamosi nyingi. Ningependa niwaambie alinifundisha mambo makubwa, lakini mengi yalikuwa madogo, na yote kwa Kiswahili. Hilo la Kiswahili msilipite haraka. Kila nilichosoma kabla kilikuwa kwa Kiingereza, na nilidhani ninakielewa kwa sababu maneno nilikuwa nayajua. Dada alinieleza lupu kwa konda wa daladala: kwa kila abiria, kama amevaa sare ya shule chukua nauli ya mwanafunzi, la sivyo chukua nauli nzima, nenda kwa anayefuata, hakikisha una namna ya kusimama abiria wakiisha. Kamusi ya Python alinieleza kwa daftari la mangi: unatafuta jina, unapata deni. Na ile KeyError iliyokuwa ikinijazia maandishi mekundu kwenye skrini? "Umemwuliza mangi deni la mtu ambaye hayumo daftarini. Hajakutukana. Amekwambia hamjui."

Alikuwa na sharti moja. Hakuna swali kabla hujalieleza kwa sauti, kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, ukiwa peke yako. Kumbe ni desturi ya zamani ya kazi hiyo. Andrew Hunt na David Thomas, katika kitabu chao The Pragmatic Programmer cha mwaka 1999, wanasimulia habari ya mtu anayemweleza bata wa mpira programu yake mpaka aone kosa lilipo. Mimi bata sina, nilikuwa naielezea chupa ya chai. Mke wangu amezoea. Nakadiria nusu ya maswali yangu yaliishia kwenye chupa.

Siku ninayoikumbuka zaidi ni ya Mbeya. Nilikuwa nimechukua takwimu za elimu ya msingi zilizopangwa kwa mkoa, za miaka kadhaa, ili nione wanafunzi wanavyoongezeka. Programu ilikwenda bila kosa lolote, hakuna maandishi mekundu. Lakini kati ya kitabu cha 2015 na vya baada yake Mbeya ilikuwa inaporomoka. Dada akaanza kupekua mistari yangu akitafuta kosa. Nikamwambia, "Dada, hapo hakuna kosa la programu. Ni Songwe." Mwaka 2016 Mbozi, Momba, Ileje, wilaya ya Songwe na mji wa Tunduma vilitolewa Mbeya vikawa mkoa wa Songwe. Watoto wapo pale pale, mkoa ndio uliohama.

Akaniangalia, akasema, "Sawa, wewe unajua. Kompyuta itajuaje?"

Hapo ndipo nilipoelewa kazi hii ni nini. Tukaanza na lililo rahisi: popote penye Songwe, hesabu Mbeya. Kisha tukarudi nyuma hadi mwaka 2012, ilipoundwa mikoa minne kwa mpigo: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Katavi ni rahisi, ilitoka Rukwa. Njombe ilitoka Iringa. Lakini Geita? Hapo zamu ya kuuliza ikawa ya Dada, mimi najibu. Geita yenyewe ilikuwa Mwanza, Chato ilikuwa Kagera, Bukombe ilikuwa Shinyanga. Mkoa mmoja wenye wazazi watatu! Simiyu nayo sehemu kubwa ilitoka Shinyanga, lakini Busega ilitoka Mwanza. Kwa hiyo huwezi kuiambia kompyuta "Geita ni sawa na Mwanza." Lazima ushuke hadi wilaya, kila wilaya uiandikie mkoa wake wa zamani, yaani daftari la mangi lile lile, halafu ndipo ujumlishe. Tulimaliza Jumamosi mbili. Mistari haikufika hamsini. Kama ningeichapisha habari kwa kufuata jedwali la mikoa, ingesomeka kwamba Mbeya watoto wanakimbia shule, na kuna mtu angeitwa kujieleza.

Najua kuna anayesoma hapa akijiambia, siku hizi kungwi wa nini? Tangu Novemba 2022 ilipotoka ChatGPT, si unauliza mashine tu? Naitumia, nisiwadanganye. Inajibu saa saba usiku na haichoki. Swali la 12 na 30 ingelijibu kwa sekunde. Lakini inajibu ulichouliza. Dada kila mara alianza na swali lake: "Unataka kujua nini hasa?" Mara mbili jibu la swali hilo lilifanya nifute programu nzima kwa sababu haikuhitajika, kalamu na karatasi vilitosha. Pia mashine haijui kama leo umechoka na inafaa uende ukalale. Dada aliwahi kuifunga kompyuta yangu kwa mkono wake.

Habari ya malipo. Nilimuuliza, akakataa, nikauliza tena. Mara ya tatu akatoa simu akanionyesha jumbe ambazo programu yao huwatumia wateja. Mmoja ulisema: "Ombi lako la muamala halijafanikiwa kuchakatwa." Akaniuliza, "Mama yangu kijijini akiona hii anaelewa nini?" Nikauandika upya: "Pesa haijatoka. Salio lako liko pale pale. Jaribu tena." Kuanzia hapo kila Jumamosi nusu saa ya mwisho ilikuwa yangu kurekebisha Kiswahili chao, na sikujiona tena mtu anayeomba msaada. Nawaambia hili kwa sababu wengi tunaogopa kumfuata mtu kwa kuona hatuna cha kumpa. Kila kazi ina kitu ambacho mtu wa kazi nyingine hana. Muuguzi anacho, mwalimu wa Kiswahili anacho, mhasibu ndiyo usiseme.

Mwezi wa tano Dada alihamishiwa Dodoma. Jumamosi zikaisha hivyo hivyo, bila sherehe, mtoto akahama madrasa. Bado tunaandikiana, lakini jibu sasa linaweza kuchukua wiki, na kuna siku nakaa na tatizo nikijua fika kwamba yeye angelimaliza kwa sentensi moja. Sitawadanganya kwamba imekuwa rahisi. Ninachokiona ni kwamba maswali yake yamebaki. Nikifungua ukurasa mtupu naandika kwanza juu kabisa, kwa Kiswahili, ninataka kujua nini hasa. Mstari wa kwanza wa programu siku hizi unakuja.

Kwa wale watatu walioniuliza, na wengine mlionyamaza: msitafute menta, tafuteni jibu la swali moja dogo kutoka kwa mtu anayelijua. Mwonyesheni mlichojaribu. Mkijibiwa, rudini kumwambia kilichotokea, hata kama hamna swali jipya. Mengine yatajileta yenyewe au hayatajileta, na swali lenu litakuwa limeshajibiwa.

Mimi bado ni mwanafunzi, niko kurasa chache tu mbele yenu. Lakini kama una swali la Python lisilozidi mistari ishirini, na umeshalieleza kwa chupa yako ya chai, niandikie. La Java silijui. Nitakujibu nikiwa kwenye foleni.