Mwanasheria Aliyeuliza Jirani Ni Nani

Aliyemwuliza Yesu jirani yake ni nani alikuwa mwanasheria. Luka anatueleza hivyo katika sura ya 10, na sisi tuliotumia miaka yetu katika sheria ya mazingira, mahakamani na darasani, hatuisomi habari hiyo bila kujiona ndani yake. Swali lake ndilo kazi yetu: nani aruhusiwe kusimama kwa ajili ya nani?

Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi kuzuia jengo refu lisijengwe katika bustani ya Uhuru. Kesi yake ilitupwa, kwa kuwa hakuonyesha kwamba yeye binafsi angeumia kuliko wananchi wengine. Ni kama kuambiwa kwenye ile njia ya Yeriko: hukupigwa wewe, basi pita.

Katiba ya Kenya ya 2010 iligeuza jambo hilo. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinasema anayeidai haki hiyo mahakamani halazimiki kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Tunapowafundisha wanafunzi kifungu hicho, tunamkumbuka Msamaria.

Hata hivyo, safari bado ni ndefu. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walioathiriwa na sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, walifungua kesi mwaka 2016. Mwaka 2020 walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaiondoa. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha.

Wanafunzi hutuuliza: hukumu itaitoaje risasi iliyokwisha kuingia mifupani mwa mtoto? Haiwezi. Lakini Msamaria naye hakuyafuta mapigo. Alifunga majeraha, akalipia nyumba ya wageni, akaahidi kurudi. Sehemu kubwa ya uwakili wetu ni huko kurudi: tarehe nyingine ya kesi, rufani nyingine, pamoja na watu wale wale.

Nawe mshirika mwenzetu, ukiona maji machafu yakimwagwa mtoni, usisubiri mpaka augue mtu wa nyumbani kwako. Sheria imekwisha kukuruhusu usimame. Yesu alikuagiza zamani.