Kichupa cha nano

Jamani, jana fundi aliniambia nitie kichupa cha "nano" kwenye oili, eti injini yangu iliyochoka itapona. Karibu nimpe pesa nilizoweka za ringi za pistoni!

Sayansi yenyewe si porojo. Mwaka 1992 Reshef Tenne na wenzake, Taasisi ya Weizmann, Israeli, walitangaza chembe ndogo mno za disalfaidi ya tangsteni, zenye matabaka kama kitunguu. Zikibanwa kati ya vyuma, matabaka hubambuka yakaacha utando telezi; msuguano hupungua. Lakini zisipotawanywa vizuri hushikana na kutuama chini.

Tena chuma kilicholika hakirudi. Sisi waandika programu twajua: kiraka hakifufui diski iliyokufa. Kichupa nimekiacha, pesa zangoja ringi. Wewe je?