Kompresa haijafa: hosi za silikoni kwenye Mercedes ya mjomba

Najua niliahidi sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata, lakini wiki iliyopita nilikuwa nyumbani Kiboko na mikono yangu ilikuwa kwenye boneti, si kwenye kibodi. Kwa hiyo leo ni magari. Wasiopenda magari wavumilie kidogo.

Gari ni la mjomba: Mercedes C200 Kompressor, W203, la mwaka 2005. Injini ni M271, cc 1,796, nguvu farasi 163. Hilo neno Kompressor pale nyuma maana yake ni supachaja, yaani pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini. Tabo huzungushwa na moshi wa ekzosi; hii huvuta nguvu moja kwa moja kutoka kwa injini. Ni pampu ya aina ya Roots, jina la ndugu wawili wa Indiana, Marekani, waliopata hataza yao mwaka 1860. Wakati huo hakukuwa na magari. Pampu hizo zilipuliza hewa kwenye tanuri za kuyeyushia chuma.

Sasa tatizo. Gari lilianza kukosa nguvu, na mjomba ndiye humpeleka mama kliniki Nairobi kila mwezi. Mnaoijua barabara ya Mombasa mnaelewa. Kuanzia Kiboko, Simba, Emali, Sultan Hamud mpaka milima ya Salama, sehemu kubwa ni njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, na trela zimejipanga. Ukitoka kulipita trela halafu gari likatae kuvuta, hiyo si hasara ya mafuta tena. Ni matanga.

Gereji moja ya Nairobi ilisema kompresa imekufa, inunuliwe nyingine. Bei waliyotaja ilizidi nusu ya thamani ya gari. Mjomba alikuwa ameanza kutafuta mtu wa kulinunua kama spea.

Mimi kazi yangu ni programu, na mahali pa kazi huwa sibadilishi kitu kabla ya kupima. Nilichomeka kisomaji cha ELM327 kwenye gari, nikaandika skripti fupi ya Python ya kurekodi shinikizo la hewa inayoingia kwenye injini. Mjomba akaendesha, mimi nikashika laptopu.

Hesabu yake ni rahisi. Kiboko ni kama mita 970 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ya kawaida ina shinikizo la karibu kPa 90. Nairobi, juu zaidi, ni kama 82. Pampu ya mkanda huzidisha kile inachokipata. Ikizidisha kwa 1.4, Nairobi utapata 115, Kiboko 126. Logi yetu ya Kiboko, mguu ukiwa umekanyaga hadi chini, haikupita 104. Hewa ilikuwa inapotea. Lakini je, inapotea kwenye pampu, au baada ya pampu?

Baada ya pampu kuna intakula, ile rejeta ndogo ya kupoza hewa. Ukiibana hewa inapata joto. Chukua mchana wa Kiboko wa nyuzi 35, bana mara 1.4 kwa pampu ya namna hii, na hewa itatoka ikiwa na nyuzi karibu 90. Hosi ya kwanza ya mpira hubeba hewa hiyo pamoja na mvuke wa oili kutoka kwenye injini, miaka nenda miaka rudi. Mpira huchoka, hulainika na kupasuka, hasa kwenye kona na pale klipu inapobana.

Kupima tulitumia vifaa vya plamba. Vifuniko viwili vya PVC, valvu ya tairi kwenye kimoja, pampu ya miguu na maji ya sabuni. Tukaziba hosi upande wa kompresa na upande wa throto, tukajaza psi 8 tu. Povu likaanza kutoka chini ya hosi ya kwanza, kwenye kona, mahali usipopaona ukisimama juu ya boneti. Fundi wetu wa Kiboko akacheka: "Kijana, hapo ndipo kompresa ilipofia."

Tuliagiza silikoni kutoka Kirinyaga Road, Nairobi. Mambo ya kuzingatia kama nawe unataka kufanya hivi:

1. Silikoni huvumilia joto hadi karibu nyuzi 180, lakini haipendi oili. Tafuta yenye bitana ya ndani ya florosilikoni, na uhesabu tabaka za kitambaa: nne ni nzuri.

2. Pima kipenyo cha nje cha paipu kwa kaliba. Usikisie kwa macho.

3. Ukikata, funga klipu pale unapotaka kukata uitumie kama rula, kisha tumia wembe mpya.

4. Futa oili yote kwenye paipu. Ingiza hosi kwa maji na sabuni, kamwe si kwa grisi, la sivyo itachomoka ukikanyaga mafuta.

5. Klipu za kawaida zenye matundu hukata silikoni kwa sababu ni laini. Tumia zenye bitana laini ndani au za boliti, na ziwe nyuma ya ule ukingo wa paipu, si juu yake.

6. Kaza tena baada ya injini kupata joto na kupoa mara mbili tatu.

Hosi mbili, klipu nne, saa tatu chini ya mwarobaini. Logi ya baadaye: kPa 125, barabara ileile, dereva yuleyule.

Kuna watu watakuuzia hosi hizi kwa kukuambia zinaongeza farasi. Hazitakupa farasi hata mmoja ambaye Mercedes hawakukupa. Zinarudisha waliotoroka, basi. Rangi nyekundu au buluu ni ya kuonyesha marafiki. Sisi tulichukua nyeusi.

Jumanne iliyofuata mama alikwenda kliniki. Alichoniambia kwa simu ni kwamba mjomba siku hizi anapita matrela bila kuomba Mungu kwa sauti. Gari haliuzwi tena.

Wiki ijayo, hifadhidata. Naapa.