Kama Jina Lako Haliko Kwenye Orodha

Leo naandika kwa ajili ya vijana wetu wanaosomea kompyuta, na wazazi wao wanaowaona wakikesha mbele ya laptopu bila kujua wanapambana na nini. Usipite ukisema hii si yangu. Vumilia nami kidogo.

Wengi wenu mnajua kwamba kabla ya chuo cha Biblia nilikuwa fundi wa kompyuta. Kazi ile niliiacha, lakini maswali yake hayajaniacha. Kila muhula kijana fulani hunifuata baada ya ibada kwa sababu kuna programu imekataa kuingia kwenye mashine yake.

Wa mwisho kunijia alikuwa amekesha siku tatu. Laptopu yake ni ya mtumba, na ameiwekea Ubuntu kwa sababu haidai leseni ya kulipia. Darasani wameagizwa wasakinishe programu kubwa ya hifadhidata, aina ile inayotumiwa na mabenki. Kila akijaribu inagoma. Mara faili fulani haipo, mara kumbukumbu haitoshi, mara mfumo wako hautambuliki. Akaniambia, "Pasta, nafikiri hii kozi si yangu. Wenzangu wote imekubali."

Nikamuuliza, wenzako wanatumia mfumo gani? Akasema, Windows. Nikamwambia, basi hujashindwa. Umebisha mlango ambao hawakumweka mtu wa kuufungua.

Mzazi, nieleze kidogo. Ukiweka pesa kwenye sacco, au hospitali ikifungua faili yako, habari hizo hukaa kwenye programu inayoitwa hifadhidata. Ni kama kabati kubwa lenye karani asiyelala. Programu hiyo nayo hukaa juu ya mfumo endeshi, kama nyumba inavyokaa juu ya msingi. Windows ni msingi mmoja. Linux ni mwingine, na Linux yenyewe ina matawi mengi: Red Hat, SUSE, Debian, Ubuntu na mengineyo.

Wanaotengeneza hifadhidata kubwa hawaahidi kwamba itasimama juu ya kila msingi. Huandika orodha. Chukua Oracle, kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1977. Kwa upande wa Linux, hifadhidata yake kuu imeidhinishwa kwa Oracle Linux, ambayo ni yao wenyewe, Red Hat na SUSE. Debian, iliyoanza mwaka 1993, haimo. Ubuntu, iliyozaliwa kutoka Debian mwaka 2004 na kupendwa na wanafunzi duniani kote, haimo pia. Na jina hilo Ubuntu, mpendwa, ni ndugu wa neno letu "utu".

Je, ni chuki? Hapana. Tangu mwaka 2010 kampuni hiyohiyo inamiliki MySQL, hifadhidata nyingine, na MySQL inaingia kwenye Ubuntu bila kelele. Sababu ni kazi ya kupima. Kila tawi la Linux lina matoleo yake, na kila toleo hubadilisha vitu vidogo. Kampuni ikisema "tunaidhinisha", maana yake ni: tumejaribu hapa, na ukikwama tutakusaidia. Ahadi hiyo ina gharama, kwa hiyo haitolewi kwa kila mtu.

Sasa ona vitu vidogo vinavyomkesha kijana wako. Red Hat hufunga programu zake katika vifurushi vya RPM, Ubuntu katika vifurushi vya DEB. Mwaka 2011 Oracle ilipotoa toleo dogo la bure la 11g, kwa Linux lilikuja kama RPM peke yake, ingawa toleo dogo la 10g lililotangulia lilikuwa na kifurushi cha DEB. Watu wa Ubuntu wakatumia programu iitwayo alien kugeuza RPM kuwa DEB. Kifurushi kikageuka, lakini maagizo yaliyo ndani yake hayakugeuka. Yakaendelea kuita amri ya chkconfig, ambayo Ubuntu haina. Yakaitafuta awk kwenye folda ya /bin, kumbe Ubuntu inaiweka /usr/bin. Hata maktaba ndogo iitwayo libaio, ambayo hifadhidata hii huitegemea, faili yake ilibadilishwa jina katika Ubuntu 24.04. Kitu kipo, lakini anayekitafuta anakiita kwa jina la zamani.

Unaona? Mashine haina ubovu wowote. Kijana hana ubongo mzito. Ni mgeni ameingia nyumbani anatafuta chumvi pale kwao inapowekwa, akaikosa, akatangaza kwamba nyumba hii haina chumvi.

Kuna ukaguzi mwingine unaonikumbusha vivuko vya Yordani katika kitabu cha Waamuzi, pale mtu alipoambiwa atamke Shibolethi. Hakuna aliyemuuliza kama ni mtu mwema. Aliulizwa atamke neno moja tu. Visakinishi vya siku za 10g navyo vilikuwa hivyo. Vilifungua faili ya /etc/redhat-release kusoma jina la mfumo, na jina lisipokuwa kwenye orodha, vinasimama. Mafundi wakaandika jina la Red Hat ndani ya faili hiyo kwa mkono, na kisakinishi kikapita. Mashine ni ileile, jina ndilo lilibadilika.

Na usidhani wageni peke yao ndio huzuiwa. Oracle 19c ilitoka mwaka 2019. Mwaka huohuo ikaja Oracle Linux 8, mtoto wa nyumbani kabisa. Kisakinishi cha kwanza cha 19c kilipomwona, kikakataa, kwa sababu orodha yake iliandikwa kabla ya huyo mtoto kuzaliwa. Mafundi wakalazimika kukiambia, kupitia mpangilio uitwao CV_ASSUME_DISTID, kwamba huyu ni namba 7. Orodha hueleza ya siku ile ilipoandikwa. Haijui yaliyokuja baadaye.

Kwa hiyo kijana wangu, shika hili: kutokuwa kwenye orodha si sawa na kutofaa. Usiruhusu ujumbe mwekundu kwenye skrini ukwambie wewe ni nani. Ujumbe ule unazungumzia mfumo wako, na haujui chochote kuhusu wewe.

Lakini mpendwa, nisikuachie nusu ya ukweli. Usiidharau orodha pia.

Nilipokuwa fundi, niliitwa kwenye ofisi moja siku ya mishahara. Fundi aliyenitangulia aliambiwa apunguze gharama, akaweka hifadhidata ya kulipia juu ya mfumo usioidhinishwa, kwa njia hiyohiyo ya kubadilisha jina. Ilifanya kazi miezi mingi, na watu wakamsifu. Kisha mfumo ukajisasisha usiku, maktaba moja ikabadilika, na asubuhi hifadhidata haikuamka. Tulipopiga simu ya msaada, swali la kwanza lilikuwa: mnatumia mfumo endeshi gani? Tukajibu ukweli, na mazungumzo yakaishia hapo. Nje kwenye korido walikuwa wameketi wafanyakazi wanaosubiri mshahara, mama mmoja akiwa na barua ya shule ya kumrudisha mwanawe nyumbani kwa sababu ya karo. Ilituchukua siku mbili kuhamisha kila kitu hadi kwenye seva iliyoidhinishwa, tukitumia nakala ya akiba. Bila nakala ile, sijui ningewaambia nini watu wale.

Hapo ndipo penye tofauti. Kwenye laptopu yako unapojifunza, jaribu, vunja, rudia. Ikianguka, umepoteza usiku mmoja na umepata elimu. Lakini siku utakapokabidhiwa kumbukumbu za watu, akiba za wajane, faili za wagonjwa, usipitishe kitu kwa jina la kughushi ili mkubwa wako afurahi. Ile idhini ni ahadi ya mtu kushika simu usiku wa shida. Ukiikosa, ambiwe mwenye mali mapema, kwa maandishi, aamue akijua.

Sasa ufanye nini wiki hii? Nakupa njia tatu.

Ya kwanza, tumia kontena, kwa mfano Docker. Oracle yenyewe hutoa kontena za toleo lake la bure, na ndani ya kontena mna Oracle Linux tayari. Ubuntu yako inabaki ilivyo, na hifadhidata inapata nyumba iliyoizoea. Toleo hilo la bure linapokea data ya hadi GB 12 na hutumia RAM isiyozidi GB 2, basi hakikisha mashine yako ina nafasi ya kupumua.

Ya pili, kama RAM inatosha, tengeneza kompyuta ndani ya kompyuta kwa programu kama VirtualBox, kisha uweke Oracle Linux humo. Kuipakua ni bure. Hapo hudanganyi mtu, kwa maana jina ni la kweli.

Ya tatu, kama mashine ni dhaifu, zungumza na mwalimu wako kwa heshima. Muulize kama unaweza kufanyia mazoezi ya SQL kwenye PostgreSQL. Hiyo Ubuntu inaipokea kwa amri moja. Si kila kitu kinafanana, lakini misingi ya jedwali, maswali na uhusiano utaielewa vizuri, na siku ukikutana na Oracle hutakuwa mgeni.

Na usikate tamaa na milango iliyofungwa leo. SQL Server ya Microsoft ilikaa zaidi ya miaka 20 ikiwa ya Windows peke yake. Mwaka 2016 wakatangaza kwamba itakuja Linux, na toleo la 2017 likaja, Ubuntu ikiwa ndani ya orodha. Waliokuwa wameijua Linux vizuri wakati haikuhesabiwa ndio walioitwa kazini.

Mzazi, usiku wa leo ukimwona mtoto bado yuko macho, usimwambie anacheza. Mpelekee chai, umuulize mashine inasema nini. Huenda usielewe jibu, lakini yeye akilieleza kwa sauti atalielewa zaidi.

Nawe kijana uliyekwama, andika hapo chini ujumbe unaouona kwenye skrini, neno kwa neno, na aina ya mfumo wako. Humu ndani kuna kaka na dada zako waliopita njia hiyo, watakushika mkono. Nami nitapita kusoma.

Ubarikiwe, na ulale pia.