Jadid

Mwaka 1975 naingia Maskati, Kurani nilikuwa nimeshaikhitimu tangu utotoni, chuoni kwetu Unguja. Lakini sokoni Matrah nilinunua vitunguu kwa kuashiria kidole. Wengi wetu tuliotoka Zanzibar tulikuwa hivyo: majina ya Kiomani, ndimi za Kiswahili. Sultan Qaboos aliposhika nchi Julai 1970 aliwaita Waomani wa ng'ambo warudi, maana nchi nzima ilikuwa na skuli tatu tu za serikali na waliosoma walihitajika. Kazi tulipata upesi. Kiarabu ndicho kilichotutoa jasho.

Ofisini tukawekewa darsa za jioni. Ustadhi alikuwa Mmisri, na hakutupa orodha ya maneno. Alishika sifa moja, akaipitisha katika sentensi moja baada ya nyingine mpaka ikakaa. Ya kwanza ilikuwa jadid, yaani mpya, naye kwa ulimi wa Kairo akiitamka gadid. Mifano hakuitafuta mbali. Matar jadid: uwanja wa ndege wa Seeb ulifunguliwa 1973. Mina jadid: bandari ya Matrah, mwaka mmoja baadaye. Madrasa jadida. "Haya, sema wewe!" Ulichungulia dirishani tu ukapata chako, siku zile Maskati yote ilinuka saruji.

Kwamba jadid hugeuka jadida hakukutusumbua. Aliyelelewa na ki- na vi- hashangazwi na hayo. Wingi ndio uliotuchanganya. Watu wapya ni judud, sawa, lakini nyumba zikiwa nyingi ni buyut jadida, sifa ya kike, tena ya umoja! Tulibishana hadi Ustadhi akafunga kitabu. Kisha ile al: al-bayt al-jadid, nyumba mpya, bado unangoja uambiwe imefanyaje. Iondoe al ya pili, al-bayt jadid, na habari imetimia: nyumba ni mpya. Hilo lilinifurahisha kuliko yote, na hadi leo sijaona lugha inayobana maneno namna ile.

Jioni moja mzee wa Kipemba, mpishi wa ofisi, akatoa yake: samak jadid. Ustadhi akatikisa kichwa. Samaki haambiwi jadid, huambiwa tazaj.

"Na wa jana je, Ustadhi?"

"Huyo hana sifa. Hutupwa."

Mzee akatugeukia. "Jamani, huyu bwana hajala ng'onda."