Barua Isiyofika

Kiwanda kinapogundua kwamba kimeyatia magari yake kifaa kibovu, hakiwezi kulikimbilia kila gari barabarani. Huandika barua. Hufungua daftari la wenye magari, kikamwarifu kila mmoja: lilete, tutakibadilisha kifaa fulani, nawe hutatoa hata senti. Marekani ilitunga sheria ya kuvilazimisha viwanda kuwaarifu wateja mwaka 1966, na mwaka 1974 ikaongeza sharti kwamba matengenezo yawe ya bure. Ni utaratibu wa heshima. Lakini kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwaandikia wazazi barua, na najua udhaifu wake: barua haimfikii mtu ambaye jina lake halimo daftarini.

Sisi tunaonunua magari yaliyokwisha tumika Japani hatumo. Gari likishapakiwa melini, jina la mwenyewe wa kwanza hubaki kwao pamoja na anwani yake, na gari hushuka Dar es Salaam kama yatima.

Langu, lenye viti vinane, nililinunua kwa ajili ya wajukuu na magunia ya shamba. Lilianza kugonga chini ya sakafu kila nilipoling'oa, kisha likawa linatetemeka likishika mwendo. Fundi, ambaye marehemu baba yake alikuwa mpishi wa chuo chetu, alijilaza chini, akaitikisa propela kwa mkono, akasema, “Mwalimu, krosi imekwisha, na uma wake una ufa.”

Kwa msomaji asiyezoea gereji: propela ni bomba la chuma linalopeleka nguvu ya injini kutoka gia boksi hadi difu ya nyuma, na krosi ni kiungo chake, mfano wa goti. Goti hilo likikatika, bomba huanguka huku likizunguka, na hupiga chochote kilicho karibu. Oktoba 2002, mkoani Yamaguchi, Japani, propela ya lori la Mitsubishi Fuso ilianguka baada ya nyumba ya klachi kupasuka, ikaharibu mabomba ya breki, na dereva akafa. Kampuni hiyo ilikuwa imekwisha kukiri mwaka 2000 kwamba iliyaficha malalamiko ya wateja kwa zaidi ya miaka 20. Hata hivyo malori yenye kasoro ya klachi hayakuitwa hadi mwaka 2004. Mwaka 2008 mahakama ya Yokohama ilimtia hatiani aliyekuwa rais wake pamoja na wenzake. Nasi hapa Fuso ni jina la nyumbani, kama jembe.

Mjukuu wangu aliandika namba ya chesisi ya gari letu katika ukurasa wa kiwanda kilichoitengeneza. Jibu lilitoka papo hapo: gari liliitwa miaka iliyopita kwa ajili ya uma ule ule, na halikupelekwa. Nikaenda kwa wakala mjini. Kijana wa mapokezi aliniamkia vizuri, akanipa kiti, akasoma karatasi yangu yote. “Mzee wangu, gari hili halikuingia nchini kupitia kwetu.” Nikamwuliza kama ufa huuliza umepitia mlango gani. Alicheka kwa adabu, akaniandikia bei. Nilikiandikia kiwanda, nacho kikanijibu kwa mistari minne: nimwone wakala aliye karibu nami.

Basi nililipa. Propela mpya ilimeza zaidi ya pensheni ya mwezi, na sikutaka ya mitumba, maana ingeweza kutoka katika yatima mwingine.

Ikabaki ile ya zamani. Desturi ya gereji ni kwamba chuma cha zamani hakitupwi, na mwenye daladala ya aina ile ile alikuwa amekwisha kumwahidi fundi fedha. Angeuchomea ufa, atie krosi mpya, aingie barabarani. Simlaumu, ana watoto shuleni. Lakini daladala ile hupita mbele ya shule mbili za msingi. Nilimlipa fundi kiasi kile kile alichoahidiwa, akawasha gesi, akaikata propela vipande vitatu mbele yetu. Yule bwana alinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Nikachana karatasi, nikamwandikia ukurasa wa kiwanda na mahali pa kuitafuta namba ya chesisi yake. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaitia katika mfuko wa shati, ule wa leseni.